Kiongozi Asiyeambiwa



Wapenzi wasomaji, juma hili tumeazimia kuzungumzia uongozi. Hatukusudii uongozi wa wanasiasa, ambao redio na magazeti hayachoki kuutaja. Twakusudia ule uongozi mdogo ulio mikononi mwa wengi wetu: wa mama mbele ya watoto wake na msichana wa kazi, wa mwenyekiti wa chama cha akina mama, wa mwalimu mkuu wa madrasa, wa baba ndani ya nyumba yake. Na kwa kuwa si uungwana kuwachungulia wengine kabla ya kujitazama wenyewe, tutaanza na kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa tuliyokuwa tukiisimamia, palikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 8. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, kwa hivyo tulimkalisha nyuma, kama ilivyo ada. Alichokisikia kwa masikio alikihifadhi upesi, wala hakikumtoka. Lakini akiitwa kusoma kilichoandikwa ubaoni, huwa kama aliyefungwa ulimi. Tukamhukumu kuwa ni mvivu. Tukamsimamisha mbele ya wenziwe, si mara moja wala mbili. Tukamwita mama yake, tukamwambia kuwa mwanawe anaendekeza mchezo. Mama akainamisha kichwa, akaitikia, akaondoka naye. Na hatujui huko nyumbani mtoto yule alikutana na nini.

Mambo yakaendelea hivyo kwa muda wa miezi 7. Kisha nyanya yake akampeleka kwa daktari wa macho, ikabainika kuwa mtoto haoni mbali. Ubao wetu kwake ulikuwa ukungu mtupu.

Tulipowaeleza walimu habari ile, mwalimu wetu aliyekuwa mdogo kuliko wote, binti aliyesomesha darasa la wachanga, alinyamaza, kisha machozi yakamlengalenga. Alikuwa akijua tangu mwezi wa pili. Alikuwa amemwona mtoto yule, wenziwe wakishatoka, akiusogelea ubao hadi pua inakaribia kugusa chaki. Tukamuuliza, "Mwanangu, mbona hukutwambia?" Akajibu kwa adabu, bila kutuinulia macho: "Maalim, nilitaka kusema. Lakini niliikumbuka siku ile ya kikao, mwenzangu aliposema kuhusu vyoo, na jinsi ulivyomjibu. Nikaona heri ninyamaze."

Tuliikumbuka siku hiyo. Mwalimu yule alisema kuwa vyoo vya watoto havitoshi, nasi tukamuuliza, mbele ya kikao kizima, iwapo yeye ndiye aliyekabidhiwa madrasa. Watu wakacheka kidogo, kikao kikaendelea, nasi tukalisahau jambo lenyewe kabla hatujafika nyumbani. Wao hawakusahau.

Basi tangu hapo swali moja limekuwa likitusumbua. Ni mambo mangapi wanayoyajua walio chini yetu, na sisi hatuyajui kwa sababu tumewazoesha kunyamaza? Swali hilo ndilo lililotusukuma kusoma waliyoyaandika wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa mwanadamu, kuhusu viongozi na watu wao. Tumekuta humo mambo ambayo twaona ni vyema tushirikiane nanyi.

Wadi zenye makosa mengi

Katika miaka ya 1990, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aitwaye Amy Edmondson, alijiunga na watafiti waliokuwa wakichunguza makosa ya dawa hospitalini: mgonjwa kupewa dawa isiyo yake, au kipimo kisicho sawa, au kurukwa saa yake ya dawa. Sehemu yake yeye ilikuwa kuwatazama wafanyakazi wa wadi 8 katika hospitali 2. Alitaka kujua iwapo wadi zenye uongozi mzuri na maelewano zina makosa machache. Ni swali ambalo kila mmoja wetu angelijibu bila kuhesabu.

Yeye akahesabu, na hesabu ikamgeukia. Wadi zilizosifiwa kwa uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi katika kumbukumbu.

Mwenye haraka angesema kwamba upole wa viongozi umewalegeza wauguzi. Bi Edmondson hakuwa na haraka. Alijiuliza: je, yawezekana wadi hizi hazikosei zaidi, bali zinasema zaidi? Akampeleka msaidizi ambaye hakuambiwa matokeo yale, akazunguka wadi kwa wadi, akiwatazama wauguzi na kuwahoji. Msaidizi akarudi na habari kuwa wadi hizo zilitofautiana mno. Katika baadhi yake, makosa yalizungumzwa waziwazi ili yasirudiwe, na muuguzi aliyekosea hakuogopa kumwendea mkuu wake. Katika nyingine, wauguzi waliona kuwa anayekiri kosa hujiweka kizimbani. Basi hapo makosa yalifunikwa, na kilichofunikwa hakikuandikwa.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1996. Mwaka 1999 alichapisha mwingine, alioufanya katika timu 51 za kampuni moja yenye viwanda, naye akalipa jambo hili jina ambalo kwa lugha yetu twaweza kuliita usalama wa nafsi: hali ya mtu kuamini kuwa akiuliza, akikiri kosa, au akitoa wazo lake mbele ya wenzake, hatadhalilishwa. Timu zilizokuwa na hali hiyo ndizo zilizojifunza zaidi, na zilizojifunza ndizo zilizofanya kazi yao vizuri.

Tafakarini jambo hili, akina mama. Nyumba ambayo mama hasikii kamwe kuwa kikombe kimevunjika, si lazima iwe nyumba isiyovunjika vikombe. Huenda vipande vinazikwa nyuma ya jikoni. Na kikombe si kitu. Lakini mtoto aliyejifunza kuzika vipande vya kikombe akiwa na miaka 6, akifika miaka 15 atakuwa na makubwa zaidi ya kuzika: deni, uvutaji wa bangi, mtu mzima anayemtumia ujumbe usiofaa kwenye simu. Wahenga wametwambia kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza kuwa mara nyingi mgonjwa haanzi kuficha mpaka aone vipi mwenziwe aliyesema alivyotendewa.

Rubani na mhandisi wake

Iwapo kuna anayedhani kuwa haya ni mambo ya vikombe na vyoo tu, na atazame yaliyotokea tarehe 27 Machi 1977 katika kisiwa cha Tenerife, kimojawapo cha visiwa vya Canary vilivyo chini ya Uhispania. Ndege 2 kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Sababu zilikuwa nyingi: ukungu mzito, uwanja mdogo uliojaa ndege, sauti za redio zilizoingiliana, na maneno yasiyoeleweka vyema kati ya ndege na mnara. Lakini lipo jambo moja lililonaswa katika kinasa sauti cha ndege ya KLM ambalo wataalamu wa nafsi hawajaacha kulisomesha. Rubani wa ndege hiyo alikuwa mtu mkubwa katika shirika lake, mwalimu wa marubani wengine. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, msaidizi wake alimkumbusha kuwa bado hawajapata ruhusa, naye akasimama. Muda mfupi baadaye akaanza tena kuikimbiza ndege. Safari hii mhandisi wa ndege, aliyesikia kitu kwenye redio, akauliza iwapo ile ndege ya Pan Am imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kuwa imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Baada ya sekunde chache ukungu ulifunguka mbele yao, na Pan Am ilikuwa pale pale.

Hatusemi haya ili kumlaumu maiti. Yule mhandisi aliona, akauliza, lakini aliuliza kama mtu anayeomba radhi, na neno moja la mkubwa likatosha kumfunga kinywa, ilhali roho yake mwenyewe ilikuwa ndani ya ndege ile. Kama hofu ya mkubwa yaweza kumnyamazisha mtu anayeelekea kufa, itashindwaje kumnyamazisha binti anayesomesha watoto wadogo kwa posho?

Baada ya ajali hiyo na nyingine zilizofanana nayo, mashirika ya ndege yalibadilisha namna ya kuwafundisha marubani. Wanasaikolojia waliitwa. Rubani akafundishwa kusikiliza, na walio chini yake wakafundishwa kusema kwa uwazi, na kusema tena iwapo hawakusikilizwa. Mafunzo hayo hivi leo ni ya lazima katika mashirika makubwa ya ndege duniani.

Watoto wa Iowa

Kuna uchunguzi wa zamani zaidi, nao unawahusu watoto. Kurt Lewin alikuwa mwanasaikolojia wa Kiyahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933, Hitler aliposhika madaraka. Mtu aliyeona taifa zima likimfuata kiongozi mmoja bila kuuliza alikuwa na sababu ya kutaka kujua uongozi humfanya mtu nini. Mnamo 1938 na 1939, akiwa katika chuo kikuu cha Iowa, yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White waliwakusanya wavulana wa umri wa miaka 10 katika makundi madogo, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya uso. Wakawawekea viongozi wa namna 3. Wa kwanza aliamuru kila kitu, hatua moja baada ya nyingine, wala hakueleza kwa nini. Wa pili aliwashauri watoto, wakapanga pamoja, na alipokosoa alikosoa kazi, hakumkosoa mtoto. Wa tatu aliwaachilia, kila mtu afanye apendavyo.

Walio chini ya amri walifanya kazi, na hilo lazima likubaliwe. Lakini walifanya kiongozi akiwepo. Akitoka chumbani, mikono huteremka. Baadhi yao wakawa wazito na wasiotaka kusema, wengine wakageukiana kwa ugomvi, hata wakamwandama mmoja wao. Waliokuwa wakishauriwa waliendelea na kazi hata kiongozi alipotoka. Ama wale walioachiliwa, kazi yao ilikuwa chache na duni.

Ni uchunguzi mdogo, wa watoto wa mji mmoja wa Marekani, wala hautoshi kuwa sheria kwa wanadamu wote. Hata hivyo, kila mwalimu wa madrasa aliyewahi kutoka darasani mara moja kupokea mgeni, akasikia nyuma yake kishindo kama cha soko, anajua kuwa kuna jambo hapo la kuzingatia. Sisi tulikuwa tukisifiwa kwa darasa lililonyamaza. Hatukujiuliza lilinyamaza kwa sababu gani.

Shauri la mwanamke mmoja

Huenda kuna msomaji atakayesema: haya ni ya Wazungu. Basi na turudi kwetu. Katika Qur'ani ipo sura nzima iitwayo Ash-Shura, yaani mashauriano. Na katika mwaka wa 6 wa Hijra, siku ya Hudaybiya, baada ya mkataba kuandikwa, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaamuru masahaba wachinje wanyama wao na kunyoa vichwa. Walikuwa wamejaa huzuni kwa kuzuiwa wasiingie Makka, na hakuna aliyesimama, ingawa amri ilirudiwa mara tatu. Aliingia hemani kwa mkewe, Bi Ummu Salama (R.A.), akamweleza. Bibi akatoa shauri: atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake mwenyewe, amwite wa kumnyoa. Mtume akafanya hivyo, na watu walipomwona wakainuka wote.

Twaomba mwangalie mambo mawili. La kwanza, kiongozi aliyekuwa akipokea wahyi hakuona haya kumweleza mkewe lililomkwaza, wala kulifuata shauri lake. La pili, mke yule alisema. Hakusema hivi hivi; alisema kwa sababu alikuwa katika nyumba ambayo shauri la mke husikilizwa. Sisi wanaume tusomeshao kisa hiki misikitini na tujiulize ni lini mara ya mwisho tuliwaeleza wake zetu jambo lililotushinda.

Mwaka 2013 mtafiti Bradley Owens na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu unyenyekevu wa viongozi. Walisema kuwa unyenyekevu huonekana kwa mambo matatu: mtu kukubali kujitazama kama alivyo, kuona na kutaja uzuri wa wengine, na kuwa tayari kufundishwa. Wakaona kuwa wafanyakazi wenye kiongozi wa namna hiyo hujitoa zaidi kazini, huridhika zaidi, na hawakimbilii kuondoka. Sisi tulisoma matatu hayo tukaona aibu, maana tawadhui ni somo tulilosomesha kwa miaka mingi kuliko umri wa mwalimu yule.

Tufanye nini?

Bi Edmondson amewashauri viongozi mambo ambayo hayahitaji fedha. Waseme wazi kuwa kazi iliyo mbele ni ngumu na yahitaji akili ya kila mmoja. Wakiri kuwa wao pia hukosea. Na waulize maswali kwa nia ya kutaka jibu. Tumeyajaribu, na tutawaeleza yalivyokuwa.

Kikao chetu cha walimu kilichofuata tulianza kwa kuwataka radhi wote wawili, yule wa vyoo na yule wa ubao, mbele ya wale wale waliocheka. Kisha tukaweka ada kuwa kila kikao tutauliza, "Mmeona nini ambacho sisi hatukukiona?" Na mdogo aanze, sisi tuwe wa mwisho. Kikao cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Mmoja akasifu mazulia. Cha tatu, mwalimu mmoja akasema kuwa darasa letu wenyewe la jioni hurefuka, na mabinti hurudi makwao gizani, na wazazi wawili walishamnong'oneza. Tulihisi joto likitupanda usoni. Jibu kali lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Tukalimeza, tukamshukuru, na juma lile lile tukabadilisha saa. Hapo ndipo vinywa vilipofunguka. Watu hawakuamini swali letu. Waliamini walichokiona alipojibiwa wa kwanza.

Kwa hivyo, mama mwenye nyumba, msichana wa kazi akikuletea buibui lililoungua kwa pasi, sekunde zile chache za kwanza ndizo zitakazoamua iwapo atakuambia siku mtoto atakapoanguka kitandani. Mwenyekiti wa chama, asiwe mtu wa kutiliwa shaka yule mwanachama anayeomba daftari la mweka hazina lisomwe. Mwambie ahsante, na daftari lisomwe. Baba, mtoto akikueleza kosa lake kwa mdomo wake, mpe kwanza haki ya ukweli wake, kisha ndiyo uje kwenye kosa.

Na hapa pana tahadhari. Kumpa mtu usalama wa kusema si kumwondolea wajibu. Bi Edmondson mwenyewe amekariri kuwa hakusudii ulegevu wala kushusha viwango vya kazi. Muuguzi aliyekosea dawa huambiwa, na hufundishwa. Wale watoto wa Iowa walioachiliwa hawakufaidi kitu. Mkubwa atabaki mkubwa, na adabu ya mdogo kwa mkubwa ni johari yetu ambayo hatutaki ipotee. Lakini adabu ni namna ya kusema. Haikuwekwa iwe sababu ya kutosema. Aliyesimamishwa juu ya watu amepewa amana, na atahojiwa kwayo. Siku hiyo hatudhani kuwa itatufaa kusema kwamba hatukuambiwa, ikiwa sisi ndio tuliofunga milango ya kuambiwa.

Ama mtoto yule, alipata miwani. Mama yake alimhamishia madrasa nyingine, wala hatumlaumu. Twasikia kuwa anasoma vizuri. Siku za Ijumaa hukutana naye mlangoni mwa msikiti. Sasa amekuwa kijana. Hutupa mkono kwa heshima, hutuita Maalim, kisha huangalia chini. Tulimtaka radhi, naye akasema ametusamehe. Lakini macho yake bado hayajatuamini, na hilo twaliona vyema bila ya kuambiwa na mtu.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yanayosikia kabla ya ndimi zinazojibu. Wabillahi tawfiq.